Mwano Hausikiki Angani

Mzee Machibya aliua watu kumi na mmoja kabla ya saa nne asubuhi, na mimi ndiye niliyewachapa. Nilikuwa hata chai sijanywa.

"Umefika wapi?" akaniuliza.

"Wa kumi na mmoja amekufa. Maharamia wamekata redio, wamevunja taa za nje, sasa wanaswaga barafu."

"Vizuri."

Kwake ilikuwa vizuri. Mimi mgongo uliniuma, vidole viliniuma, na herufi "a" ya mashine yangu ya kuchapa ilikuwa imelegea, lazima uigonge kama unagombana nayo. Na Kiswahili, kama mnavyojua, kimejaa "a".

Nilikuwa karani mchapaji wa chama cha ushirika cha pamba, pale Bariadi. Nasema nilikuwa, ingawa mwaka huo wa tisini na sita hakuna aliyekuwa ameniandikia barua ya kuniachisha. Barua zote nilikuwa nachapa mimi, labda ndiyo sababu. Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi walikuja na malori yao mpaka mashambani, wakulima wakawauzia, na nani awalaumu? Kwetu ofisini ikabaki mizani isiyopima kitu, kabati, viti sita na mimi.

Mzee Machibya ndiye aliyekuwa mpimaji wa mizani ile kwa miaka ishirini na mbili. Walimpunguza wa kwanza, mtoto wa jicho akamalizia. Siku moja akaja akishikwa mkono na binti yake, akakaa mbele yangu, akasema ana kitabu kichwani, na kwa kuwa mimi sina kazi na yeye hana macho, tusaidiane. Nikadhani ni historia ya pamba. Kumbe ni maharamia wa angani.

Sikuwa napenda mambo ya anga, sitawadanganya. Lakini mzee aliyatunga kwa namna yake. Katika kitabu chake, miaka mia mbili ijayo, watu wa Zagayu, kwao mzee, wanachunga mapande ya barafu kutoka kwenye pete za Zohali. Pande moja ni kubwa kama mlima, na wanayaswaga kwa meli ndogondogo mpaka kwenye miji isiyo na maji, safari ya miezi kumi. Kila meli ina kidude chake, mbali na redio, kinachotoa mlio mdogo unaosikika ndani ya meli nyingine, tiki, tiki, tiki, kama kengele ya ng'ombe, ili wasigongane. Wachungaji wameuzoea hata hawausikii tena. Mimi nilizichapa hizo tiki mpaka nikazichukia.

Halafu wanakuja maharamia, wanaiba kundi la Kapteni Mboje. Na hapo ndipo kitabu kilipokwama, wiki tatu nzima.

"Mboje apige mwano," mzee alikuwa amesema, akicheka kwa raha. Kwetu ng'ombe wakiibwa, aliyeibiwa anapiga mwano, ukelele ule, na kila anayeusikia anatupa alichoshika anakimbia. Anayeusikia akabaki nyumbani anatengwa. Hata moto wa kuwashia jiko hapewi. Kitabu chote mzee alikuwa amekijenga kielekee hapo. Mboje akafungua kinywa, nami nikakosa adabu nikauliza, "Lakini huko angani si hakuna hewa? Nani atasikia?"

Tangu siku ile sikupata usingizi mzuri. Ningenyamaza tu.

Na siku ninayoisimulia ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho, na tangu alfajiri nilikuwa nachapa upya sura ya wizi, labda mwisho ungejitokeza. Jengo lilikuwa limeuzwa pamoja na vilivyomo, na wakala wa mnunuzi, anaitwa Joakim, alishatwambia atakuja Ijumaa kuchukua vitu. Wachapishaji wa Dar es Salaam nao walishatujibu: leteni kazi iliyokamilika, iliyopigwa chapa, zisizokamilika hatusomi. Mashine nyingine mjini zilikuwa za serikali, na nani wa serikali angekaa na kipofu kuchapa habari za Zohali? Mwisho usipopatikana siku ile, kitabu kimekufa. Mzee alijua, nami nilijua.

"Awashe moto Mboje," nikasema. "Waone mwanga."

"Moto bila hewa? Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Basi atengeneze redio."

"Redio wameikata sura ya nne. Sitaki maajabu, Generoza. Nataka watu waje wenyewe."

Ng'ambo ya barabara, Mayige fundi viatu akapaza sauti kama kila siku: "We mayu, mama yangu, hiyo mashine yako inanipasua kichwa! Pumzika!"

"Ziba masikio!" nikamjibu. Tulikuwa tumesalimiana hivyo kwa miaka miwili.

Joakim alifika saa tano na lori. Alikuwa kijana mstaarabu, na hilo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kugombana. Vibarua wake wakabeba mizani. Mzee alisikia minyororo yake ikilia, akageuza uso ukutani. Wakabeba kabati, wakabeba viti. Mwisho Joakim akasimama mbele ya meza yangu.

"Samahani, dada. Na hiyo nayo imo kwenye orodha."

"Nipe nusu saa."

Akatazama saa yake. "Dakika kumi. Lori linasubiriwa Mkula."

Nikaweka vidole kwenye mashine. Karatasi ilikuwa imeishia hapa: Mboje alifungua kinywa, na. Nikamtazama mzee. Dakika kumi zote tulikaa hivyo, mimi nimeinua vidole, yeye na macho yake meupe, Joakim mlangoni akijifanya hatuoni. Nilitamani kumtikisa. Nilitamani kulia pia, lakini nilikuwa nimechoka hata kwa hilo.

Wakaichukua. Nikachomoa karatasi kwanza. Wakachukua meza na kile kiti changu, na mzee wakamwomba kwa heshima asimame. Lori likaondoka. Tukabaki wawili, tumesimama kwenye chumba kilichobaki sakafu tu.

"Nisamehe," mzee akasema. "Nimekupotezea miaka miwili."

Nilitaka kusema hapana. Sikusema, kwa sababu wakati ule niliona kweli amenipotezea.

Nilikuwa nakusanya kurasa sakafuni kivuli kilipoingia mlangoni. Mayige. Miaka miwili hakuwahi kuvuka barabara ile. Mkono mmoja alikuwa na kiatu, mwingine ameshika sindano yake ya kushonea, uzi bado unaning'inia, na alikuwa anahema.

"Generoza, umepatwa na nini?"

"Kwa nini?"

"Mashine imenyamaza." Akatazama chumba kitupu, akamwona mzee, akamsalimu. "Mwangaluka, baba. Nilikuwa nashona, nikaona leo kuna kitu hakiko sawa. Nikawaza, aa, mbona siisikii? Nikasema huyu mama hajawahi kuipumzisha hata nilipomwomba. Hapa kuna jambo."

Mzee akainua kichwa. "Ulisikia nini mpaka ukaja?"

"Sikusikia kitu, baba. Ndiyo maana nimekuja."

Mkono wa mzee ukaanza kugonga paja, polepole, tiki, tiki, tiki. Halafu ukaacha.

"Generoza," akasema. "Andika."

"Mashine imekwenda, mzee."

"Kalamu huna?"

Kalamu nilikuwa nayo. Nikapiga magoti, nikageuza fomu za zamani za kupimia pamba zilizoachwa sakafuni, nikaandika nyuma yake kwa mkono. Dar watakubali, wasikubali, shauri yao. Mboje hakupiga mwano. Alinyoosha mkono, akazima mlio wa meli yake, ile tiki ambayo hakuna aliyekuwa anaisikia tena. Akakaa gizani, akangoja atakayeshtuka kuwa imenyamaza.

"Halafu zinakuja meli zote!" nikasema.

"Wamekuja watu wangapi hapa?"

"Mmoja. Mayige."

"Tazama barabarani."

Nikasimama, nikatazama. Baiskeli zilipita. Wauza nyanya walikuwa na nyanya zao. Watu niliowachapia barua na fomu miaka yote wakapita bila kugeuka.

"Mmoja," nikasema.

"Basi andika meli moja."

"Mzee, watu kumi na mmoja wamekufa humu! Waje wote, ni kitabu tu, utapungukiwa nini?" Hapo machozi yakanitoka, na sikuyafuta.

"Andika moja," akasema taratibu. "Ina silaha gani?"

Nikamtazama Mayige.

"Sindano ya viatu."

"Andika hivyo hivyo."

Nikaandika. Mayige akauliza kama huyo ni yeye. Akaketi sakafuni kwa kuwa viti vilikuwa vimekwenda, akaendelea kushona kiatu chake pale pale mpaka tukamaliza.