Bi Kulthum Ashuka Dakani

Mwaka mzima wa 1965 chama chetu cha kusaidia wasiojiweza kilikutana orofani kwa Bi Kulthum, na mwaka mzima mimi, msaidiwa mwenyewe, nilikaa chini dakani. Wallahi nilikuwa nakasirika! Daka ni kile kiukumbi cha mlangoni chenye baraza za mawe. Desturi ya Lamu mgeni wa heshima hupandishwa juu, na hakuna aliyezifikiria ngazi. Miguu yangu imelala tangu utotoni, naenda kwa mikono. Basi nilishona kofia zangu pale chini, nikisikia vikombe vya kahawa vikigongana huku wakizungumza habari zangu.

Jumatano moja nikasikia jina langu. Bwana Philip, ofisa wa ustawi kutoka bara, mtu mwema tu, alikuwa amenipatia nafasi katika nyumba ya vilema Mombasa.

"Alhamdulillahi," akasema Bwana Kamaludin, kaka yake Bi Kulthum. "Hamdun apelekwe kesho. Atalishwa, atavikwa."

Kesho! Mashua mpaka Mokowe, kisha basi, nimekwisha. Mimi mwenye kofia tatu za harusi mkononi, na mama mzee anayekula kwa sindano yangu! Nilitaka kupiga ukelele!

Bi Kulthum ndiye aliyekuwa mkuu wa chama, ila alisemea nyuma ya pazia, kama ilivyompasa mwanamke wa ukoo wake. Nikamsikia akiuliza, "Mumemuuliza mwenyewe?"

"Tutamwambia tukishuka," akajibu kaka yake.

"Hamumwambii, mutamuuliza. Haya, twendeni tini sote."

"Wewe, Kulthum, ukae dakani? Wanaume wanapita!"

"Nawapite. Nyumba ni yangu."

Siku zile mwanamke wa nyumba kama ile hakuonekana dakani mchana, abadan. Nikasikia makubadhi yake kwenye ngazi, na wanaume nyuma yake. Akatokea na buibui lake, sinia ameishika mwenyewe, akaketi juu ya jiwe mbele yangu. Wachunga punda wakasimama kutazama. Jirani mmoja akabamiza dirisha. Bi Kulthum akaitua sinia ya kahawa barazani.

"Hamdun, wataka kwenda Mombasa?"

Sikuwahi kuulizwa kitu na chama kile. Nikasema, "Kwanza nipeni kahawa. Mwaka mzima naisikia tu!"

Bwana Philip akacheka, kisha akainamisha macho kwa haya. Nikanywa vikombe viwili, nikawaeleza yote: sindano, mama, harusi. Siendi. Nafasi ile apewe anayeitaka. Bwana Philip akalikata jina langu palepale.

Mji haukumsamehe Bi Kulthum. Zikapita harusi mbili bila yeye kualikwa, na kaka yake akaacha kukanyaga kwake. Iliniuma, jamani, iliniuma sana. Nikajikokota hadi mlangoni pake kumwomba radhi. Nikamkuta keshaketi dakani, anapanga vikombe.

"Bi Kulthum, umevunjiwa heshima kwa ajili yangu."

Hata hakuinua macho.

"Wewe umekaa hapa mwaka mzima, Hamdun. Mimi nimekaa siku mbili tatu. Sogea, wenzako wanakuja, mkutano waanza."