Kipindi cha Mwisho cha Seneta Brekke

Jamani, kiti kitamu! Miaka thelathini na sita Harlan Brekke amekuwa seneta katika bunge la jimbo la Wisconsin, na kwa ishirini na miwili kati ya hiyo Verna Lindquist amekuwa katibu wake: anamwandikia hotuba, anapokea simu, anasikiliza vilio vya watu. Kila uchaguzi mzee husema, "Kipindi hiki tu, Verna, kisha zamu yako." Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Verna lilishauma vya kutosha.

Mwaka huu walipeana mkono kabisa. Verna akachukua fomu kwa jina lake, akazunguka kutafuta saini mia nne za wapiga kura. Bila hizo hugombei. Ijumaa, siku tatu kabla ya mwisho wa kurudisha fomu, alikuwa na mia tatu na tisini. Jioni hiyo, kwenye karamu ya samaki ya kanisani, mzee angewaaga watu.

Akasimama. Akawashukuru wapishi. Akamtaja marehemu mkewe. Halafu, bila hata haya: "Mmenisihi sana. Nagombea tena!"

Makofi. Verna uso ukamwaka moto. Wamemsihi? Nani? Barua zote zilipita mikononi mwake, na ya kumsihi hakuiona hata moja.

Mzee akamjia anachekacheka. "Usininunie, Verna. Kipindi kimoja tu."

"Maneno hayo uliniambia nikiwa sina hata mvi moja, mzee. Nitazame sasa."

"Basi, tutaongea. Kwanza zunguka meza hizi na fomu zangu kabla watu hawajaondoka. Saini mia nne kwa siku tatu, nani ataweza kama si wewe?"

Loo! Alitamani kummwagia sahani nzima ya kabichi. Badala yake akatoa fomu zake mwenyewe mkobani, akaenda meza ya Dwight Schaller, fundi bomba.

"Dwight, naomba saini. Kwenye fomu yangu mimi, si ya mzee."

Dwight akamtazama seneta, akamtazama Verna. "Mama alipokatiwa pensheni tulipiga simu mara kumi na moja," akasema. "Mara zote ulipokea wewe." Akasaini.

"Verna!" mzee akaita, sauti imempanda. "Sasa zangu atakusanya nani?"

"Waombe hao waliokusihi," akajibu Verna, akampa kalamu mke wa Dwight.