Neno Heaf kwa Mwandiko wa Hilda

Tangu alfajiri Jossie Mounsey alikuwa hakaliki. Anaingia jikoni, anatoka uani, anamtazama mbwa bila kumwambia neno, anarudi, anafungua kopo la biskuti, analifunga. Chai ilikuwa imeshapoa mara mbili. Mkutano ulikuwa saa tano ukumbini, na kabla ya hapo ilimpasa awe ameshaamua: anakikata kile kikaratasi, au hakikati.

Barua ya bodi ya milima ilikuwa mezani wiki ya tatu sasa. Wakubwa walitaka kondoo washuke wote kutoka mlima wa Skarrow ili ipandwe miti. Ila waliandika, kwa ule upole wao wa kukunyonga kwa hariri, kwamba mfugaji atakayethibitisha kuwa kundi lake limeshika mahali pake tangu enzi za babu zake, bila kukatika, huyo hataguswa wala hatahitaji kibali cha mtu.

Uthibitisho wa Jossie ulikuwa ndani ya kopo. Ulikuwa wa Hilda.

Hilda, mkewe, alikuwa na miaka miwili kaburini. Enzi za uhai wake alipiga deki sakafu za shule ya kijiji, na yeye mwenyewe shule aliiacha angali binti mdogo. Lakini maneno ya kale ya watu wa mabondeni aliyapenda kama wenzake walivyopenda vidani. Akimsikia kikongwe anatamka neno ambalo vijana hawalijui, mara hiyo anatafuta kalamu. Anaandika nyuma ya kalenda, nyuma ya lebo ya gunia la chakula cha mifugo: neno, maana yake, lilikotoka, nani kalisema na lini. Asili aliitafuta katika kamusi nene za gari la maktaba lililopita kila Jumatano, mpaka wakubwa walipolisimamisha. Baadaye wakafunga na zahanati ya bonde, ndiyo maana gari la wagonjwa lilichukua saa nzima na nusu kumfikia Hilda. Jossie hakuwa amewasamehe hata moja kati ya hayo mawili.

Akatia mkono koponi tena. Rigwelted: kondoo aliyeanguka chali asiweze kuinuka kwa uzito wa sufu yake. Limetoka kwa watu wa kaskazini waliokuja na mashua zao miaka elfu moja iliyopita; kwao lilikuwa mgongo na kubingirika. Kalisema Tot Birkett akimcheka shemeji yake, Krismasi. Thole: kustahimili jambo lisiloondoka. Kiingereza cha kale hasa, kabla ya wafalme waliosema Kifaransa. Kalisema mama, siku zake za mwisho.

Na hiki hapa, nyuma ya ukurasa wa Septemba. Heaf: sehemu ya mlima ambayo kondoo wanajua ni yao, pasipo ua wala ukuta. Mama humfundisha mwanawe. Yetu ni kijito hadi mawe mekundu, tangu babu yake Jossie. Limetoka kwa wale wale wa kaskazini. Kwao lilikuwa haki mtu anayoipata kwa kushika kitu muda mrefu.

Hapo ndipo panapopendeza. Ubaya uko chini yake, kwa mwandiko ule ule uliolalia kushoto: Kalisema Jossie, 2001. Yetu imekatika. Wamewaua wote. Tumesimama mlimani siku mia moja na nne kuwafundisha wapya.

Tot Birkett, mfugaji jirani, aliingia bila kubisha, kama alivyoingia kwa miaka arobaini.

"We mzee, bado? Unakwenda kuoa au kunyongwa?"

"Funga mdomo, Tot. Soma hii."

Tot akasoma, midomo ikicheza. Akaweka ukucha wake mchafu chini ya mstari wa haki. "Kata hapa. Juu ni shamba, chini ni kitanzi."

"Ni mwandiko wake."

"Mwandiko wake si utabaki huko juu! Utakatwa nusu tu."

"Kondoo wangu hawakuwa hata na mafua," Jossie alisema, akaanza tena kutembea, mlangoni na kurudi. "Ugonjwa wa miguu na midomo ulikuwa kwa jirani wa jirani. Mtu kakaa ofisini na ramani, kachora duara, sisi tukawa ndani ya duara. Kundi la babu yangu wamelimaliza mchana mmoja."

"Sasa si ndiyo nasema? Wao walikukata wewe, nawe kata karatasi. Nani atajua?"

Mkasi wa kunyolea kondoo ulikuwa umetundikwa mlangoni. Jossie akauangua, akaiweka karatasi kati ya makali yake, chini ya ule ukucha wa Tot. Mkono ukagoma.

Maana kondoo asiye na heaf ni wazimu mtupu. Wale wageni walionunuliwa mwaka ule hawakuwa na mama wa kuwaonyesha: huyu kashika barabara, yule yuko bustanini kwa mchungaji wa kanisa, wengine wamevuka mpaka wa kundi la Tot. Ikabidi watu wawe mama. Yeye alisimama upande wa kijito, Hilda upande wa mawe mekundu, na kila anayevuka anarudishwa. Mvua, jua, inzi. Jioni Hilda alikuwa hana sauti, anaomba chumvi kwa ishara. Akikata hapa, anakata nini hasa?

"Kata basi, saa nne hiyo!"

Jossie akautupa mkasi mezani, akatia karatasi mfukoni nzima nzima. "Twende. Nitajua hukohuko."

Garini alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Tot akamwambia akiligusa tena atashuka atembee.

Ukumbini bodi ilikuwa watu watano nyuma ya meza ndefu, na wafugaji kwenye viti vya kukunja. Mwenyekiti alikuwa Bwana Pemberton, mtu wa mjini, buti zake za mlimani safi kama sahani. Jina la Jossie lilipoitwa alisimama, akafuata maandishi kwa kidole, polepole, kwa kuwa kusoma mbele za watu kulimshinda tangu utotoni. Akafika kwenye haki ya kushika muda mrefu. Kidole kikasimama hapo.

"Vizuri sana," alisema Pemberton. "Ni hayo tu?"

Tot, nyuma yake, akamvuta koti: kaa chini, kaa.

"Hapana," alisema Jossie. "Kuna ya chini."

Akayasoma ya chini, mpaka zile siku mia moja na nne. Tot akafunika uso kwa kofia.

"Kwa hiyo ilikatika," alisema Pemberton.

"Mliikata."

"Bodi hii haikuwapo wakati huo, Bwana Mounsey."

"Nyinyi huwa hampo. Wakati wa kuua hampo, wakati wa kufunga zahanati hampo. Kwenye chai na keki ndipo mnapopatikana." Viti vya nyuma vikacheka.

Pemberton akawa mwekundu, lakini akauliza, na ilionekana anataka kujua kweli: "Siku mia moja na nne, ninyi wawili tu?"

"Na nusu. Siku ya mia na tano radi ilitushusha."

Wale watano wakaenda kunong'ona karibu na birika la chai. Jossie hakuketi. Alizunguka viti mpaka mtu akamwambia anampa kizunguzungu. Waliporudi, Pemberton alitamka uamuzi. Haki ya kale haipo, kwa sababu imekatika. Kibali kipo: kondoo sitini kati ya mia na themanini, kwa miaka mitano.

"Na neno hili, Bwana Mounsey, tungependa sana tuliweke kwenye kibao cha wageni, njiani kule juu."

"Neno mnalitaka. Wenye neno washuke." Akakunja kikaratasi akakirudisha mfukoni. "Nani anachagua hao sitini?"

"Tungeshauri wabaki vijana, wenye nguvu. Wazee washuke."

Ukumbi mzima ukaguna. Hata Tot aliondoa kofia usoni.

"Bakizeni vijana, kabla ya theluji mtawaokota barabarani. Vizee ndio wanaojua njia. Niondolee vijana."

"Basi chagua wewe."

"Iandike hiyo. Isiwe ya mdomo."

Ikaandikwa. Jossie akatia sahihi kwa nguvu hata kalamu ikatoboa karatasi. Kuomba kibali cha kukaa kwako! Lakini akatia.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. "Ungekata," alisema Tot akiwasha gari, "ungebaki nao wote."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa endesha. Nishushe kwenye lango la mlima."

"Hujala kitu tangu asubuhi, we!"

Jossie alishaanza kuhesabu kwa vidole, akipaza sauti kidogo: yule wa pembe iliyovunjika, yule kiwete, wale ndugu wawili wa upande wa kijito. Kondoo kijana mmoja mzuri, wa kwanza kushuka, akamkata maini; Jossie akaendelea kuhesabu. Gari halijasimama sawasawa langoni, mguu wake ulikuwa tayari nje. Akapanda kuelekea kwenye mawe mekundu kumtia alama ya kwanza ya kubaki kondoo kikongwe wa miaka kumi na mmoja, binti wa mmoja wa wale wageni, mkorofi aliyekuwa akimkimbiza Hilda kutwa mara tatu. Hakuwa na haja ya kumtafuta.