Asubuhi Chupa Yangu, Jioni Yako

Mfamasia alihesabu mara tatu. Katika chupa ya dada mtu vilibaki vidonge vinne. Katika chupa ya mdogo wake, fundi cherehani, vinne vilevile. Hesabu zilikwenda pamoja kama sahani na kawa. Majibu ya damu yaliyokuwa mezani ndiyo yaliyokataa.

Katika kliniki nzima ni yeye peke yake aliyejua chupa zipi zina dawa na zipi zina wanga mtupu. Madaktari hawakujua, wagonjwa hawakujua. Jaribio lilipangwa hivyo ili mtu asione nafuu kwa sababu tu anaitamani. Chupa ya dada ilikuwa na dawa. Ya fundi, wanga. Sasa damu ya dada ilionyesha nusu ya dawa iliyotarajiwa, na damu ya fundi, ambayo haikupaswa kuwa nayo hata chembe, ilionyesha nusu nyingine.

Jambo hilo lilimwasha udadisi kuliko lilivyomtisha. Akawaita wote wawili kwenye chumba cha dawa.

"Mnavimezaje?"

"Kwa maji," alijibu dada.

Fundi akaangua kicheko. "Mwambie tu, dada. Njia ya mwongo fupi."

Dada, mwalimu mstaafu, akaisogeza miwani yake. "Asubuhi tunameza kutoka chupa yangu, jioni kutoka yake. Kimoja kimoja kila mtu. Wewe mwenyewe ulisema huenda moja ni ya bandia. Sasa ukipewa nazi mbili, hujui ipi imeoza, utamwachia mdogo wako abahatishe?"

Udanganyifu wenye nidhamu kiasi hicho mfamasia hakuwahi kuuona.

Akawaeleza upya. Ndani ya chembe za damu kuna kimeng'enya ambacho kwa wagonjwa kama wao hupiga mbiu ya vita bila adui, ndipo ngozi inatoka magamba na viungo vinavimba. Dawa hukinasa kimeng'enya hicho, kikashindwa kufanya kazi.

"Kama kitambaa kilichokwama kwenye mkasi," alisema fundi.

"Hasa. Na kuanzia leo, kila mtu na chupa yake."

Alipotamka hayo alijua anachokitamka. Miezi mitatu nyuma fundi alikuwa ameifunika cherehani yake kwa shuka, vidole vimekakamaa, hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Sasa alikuwa anashona tena. Kila mtu na chupa yake maana yake ni wanga asubuhi, wanga jioni, na mfamasia hakuruhusiwa kumwambia.

"Vidole vikianza kuvimba tena," akaongeza, "njoo siku hiyohiyo, usingoje miadi. Una haki ya kujitoa na kupewa dawa nyingine."

Fundi alikuwa anaitikia kwa kichwa. Dada hakuitikia.

"Unamwambia nani?"

"Nawaambia wote."

"Umesema 'njoo'. Wawili huambiwa 'njooni'. Nimelifundisha hilo miaka thelathini, mwanangu."

Masikio ya mfamasia yakawaka moto. Siri aliyoitunza miezi yote hiyo ilikuwa imevujia kwenye silabi moja.

Fundi aliitazama chupa yake, kisha akaisukuma mezani taratibu. "Kumbe nazi mbovu ndiyo hii."

"Tutaendelea kugawana yangu," dada alisema.

"Hapana," walisema fundi na mfamasia kwa pamoja.

"Mimi najitoa," fundi akaendelea. "Nipeni hiyo dawa nyingine leo, kabla mkasi haujaanza tena."

Mfamasia akavuta fomu mbili za makosa: moja yao, moja yake. Yake ndiyo aliyoijaza kwanza, kwa mwandiko wa kusomeka. Alipofika kwenye yao, kalamu ikasita. Katika jaribio lote hakuna mgonjwa aliyepangiwa nusu ya dozi. Hawa wawili walikuwa wameitumia siku themanini na nane bila kuruka hata moja.

"Samahani, mama," alimwambia fundi. "Kidole kipi kilikunjika kwanza?"

Fundi akakinyoosha cha shahada, cha mkono wa kulia, akakikunja na kukikunjua. "Hiki. Siku ya kumi na tisa. Gumba lilichelewa, na hiki kidogo mpaka leo kinabisha."

"Na magamba?"

"Hayo yalitangulia," alidakia dada, huku akikunja mkono wa blauzi. "Andika, nikutajie tarehe."

Mfamasia akavuta kiti.