Chuma Kilichotolewa kwa Dua

Mishi aliporudi na habari kwamba chuo kikuu kimemwandika kazi, hakungoja hata kuingia ndani. Alisimama mlangoni, buibui limemteleza begani, akaita kwa sauti ya kusikiwa na mtaa mzima.

"Mama! Wamenichukua!"

Bi Nana, mamake, aliyekuwa amepoteza macho miaka mingi nyuma, aliinua uso kitandani. "Nani wamekuchukua, mwanangu?"

"Chuo kikuu, mama, cha Nairobi. Wale wanaochimba magofu kule nje ya mji. Nitawaoshea vigae vya kale wanavyovitoa ardhini. Moshi basi tena!"

Moshi ndio uliokuwa adui yake. Tangu ujana wake Mishi alikuwa akikaanga vitumbua barazani pake, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyomlisha yeye na mamake baada ya mumewe kufariki. Lakini kifua kilikuwa kimeharibika. Alipokohoa, wateja waligeuza nyuso. Daktari wa hospitali ya Malindi alimwambia waziwazi: uache moto, au moto utakumaliza. Ataachaje moto mtu asiye na jiko jingine? Sasa Mungu alikuwa amemfungulia mlango, tena si mlango wa duka la mtu, ni mlango wa chuo kikuu.

Huko Mambrui, mtaa wao ulikuwa na desturi yake. Mtaa mmoja hauna vyuma viwili. Mwenye chuma cha mashimo cha kukaangia vitumbua ni mmoja, na akitaka kupumzika humkabidhi mwingine mbele ya wanawake wa mtaa, ikasomwa Fatiha, wote wakaitikia amina. Baada ya hapo chuma hakirudi. Kumtaka mtu akurudishie riziki uliyompa kwa dua ni sawa na kumwambia Mungu ameze tena alichokwisha kutoa. Hapakuwa na aliyewahi kufanya hivyo, na hapakuwa na aliyedhani anaweza.

Mishi alimwita Shekha, binti ami yake, aliyerudi kwao na talaka na watoto wadogo wanaoshindia uji. Akawaita na majirani. Akakiweka kile chuma katikati ya mkeka, kimeng'aa kwa mafuta ya miaka, mashimo yake laini kama viganja.

"Shekha, mdogo wangu, ni chako. Mungu akubarikie."

Shekha alilia hata hakuweza kuitikia amina. Mishi naye alilia, kwa furaha ya mtu anayetoa akijua ana kingine.

Kazini alikaa juu ya kigogo, mbele yake karai la maji, mkononi mswaki. Vigae vilikuja vimevaa udongo. Yeye akavisugua mpaka maua ya kijani na buluu yakatokeza, akavianika safu kwa safu juani. Hapakuwa na moshi. Usiku alilala bila kukaa kitako kutafuta pumzi. Alipopita mtaani jioni alitembea katikati ya njia, na walipomsalimu na kumuuliza atokako alijibu, "Chuoni," kama aliyekuwa akifundisha huko.

Aliyeketi naye kuosha vigae alikuwa Kadii, mama wa makamo kutoka kijiji cha Ganda, mkulima, mwenye maneno machache na miguu yenye nyufa. Siku moja Kadii alimuuliza, "Mwanangu, nyumbani umeacha nini?"

"Sikuacha kitu, mama. Nilikuwa na chuma cha vitumbua, nikampa binti ami yangu."

Mswaki wa Kadii ulisimama. "Umempa, ama umemwazima?"

"Nimempa. Tulisoma Fatiha."

"Basi nenda leo hii ukakichukue."

"Hakichukuliki. Mama Kadii, nyinyi huko mashambani hamjui desturi zetu."

"Desturi zenu sizijui. Ninalolijua ni la chuo." Kadii alikitia kigae majini. "Mimi nilifanya kibarua kwenye magofu ya Mnarani, walipokuja na kamba zao za kupimia kama hizi. Nikafanya tena kwingine. Lakini shamba langu la mihogo sijaliacha hata msimu mmoja. Nalima alfajiri, ndipo naja. Chuo ni mgeni, mwanangu. Mgeni unampikia, unacheka naye na kumchekesha. Humpi funguo za nyumba."

Mishi alihisi uso unamwaka moto. "Unasema hivyo kwa kuwa hujasoma. Wewe utabaki kibarua. Mimi nina darasa la saba."

"Haya," alisema Kadii, akaendelea kusugua.

Lakini neno lile halikumtoka Mishi. Kesho yake alimfuata Simeon, msimamizi wa vibarua, kijana mpole wa bara aliyependa kuvaa suruali iliyopigwa pasi hata mashimoni.

"Bwana Simeon, hebu niambie ukweli. Kazi hii itadumu?"

Simeon alicheka. "Mama, chuo kikuu kinakufa? Kilikuwepo kabla yako na kabla yangu, na kitakuwepo tukiwa udongo."

Mishi alirudi kwenye karai lake ametulia. Ilimchukua muda mrefu kutambua kwamba aliuliza habari ya kazi, akajibiwa habari ya chuo.

Asubuhi moja waosha vigae hawakupewa miswaki. Walipewa majembe. Simeon alisimama juu ya lundo la udongo, akaamuru kila mmoja ajaze karai na kumwaga shimoni. Mishi alidhani hajasikia vizuri. Alisimama ukingoni, akatazama chini kwenye ukuta wa mawe ambao wanaume walikuwa wameufukua kwa vijiko, taratibu, kama wanaomvua mtoto nguo.

"Mbona tunafukia? Si tulichimba sisi wenyewe?"

Vijana wa majembe waliangua kicheko. "Huyu mama wa chuoni! Ulidhani watakaa hapa waoe?"

Kadii hakucheka. Alisogea karibu yake. "Wakimaliza kutazama hufukia, mvua na mbuzi wasiharibu. Udongo ukirudi, nao wamekwenda."

"Na sisi?"

"Sisi ndio tunaofukia."

Mishi aliliangusha karai, akaenda mbio hadi kwenye hema la Daktari, mwalimu mwanamke wa chuo aliyeitwa hivyo kwa usomi wake, aliyeongoza kazi yote. Alimkuta amepiga magoti, anavifunga vigae kwa pamba na karatasi, kimoja kimoja, anavilaza ndani ya masanduku ya mbao. Mishi alivijua vyote. Kile chenye ua lililokatika alikiosha siku ya kwanza.

"Vinakwenda wapi, Daktari?"

"Nairobi. Tutavitunza huko."

"Na mimi?"

Daktari aliinua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kumuumiza Mishi. "Lakini Mishi, ulijua ni kibarua. Kibarua huandikwa kwa msimu tu, haruhusiwi kuzidi hapo. Hukuambiwa?"

"Nani angeniambia?"

Daktari alikunja karatasi juu ya kigae. "Wewe ni mfanyakazi mzuri sana," alisema. "Labda tutarudi. Sijui lini." Kisha akakichukua kigae kingine, akakifunga pamba.

Jioni, Mishi akishika njia ya nyumbani, Simeon alimkimbilia kwa nyuma. Mishi akageuka upesi, akidhani anaitwa kazini tena.

"Mama, samahani. Ule mswaki. Ni mali ya chuo."

Alikuwa nao kweli mfukoni, amesahau. Akautoa. Chuo kilijua kudai chake, hata mswaki uliokwisha meno.

Kwa siku kadhaa alimwambia mamake kwamba ni likizo. Chakula kilipokwisha ndani, akavaa buibui, akavuka njia hadi barazani kwa Shekha. Wateja walikuwa wamejaa. Harufu ya iliki na tui ilimpokea kama ndugu. Shekha alikuwa amenenepa kidogo, watoto wake wamevaa viatu wanangoja kwenda shule. Na juu ya mkeka waliketi wanawake wale wale walioitikia amina.

"Dada Mishi! Leo huendi chuoni?"

"Wameondoka," alisema Mishi. "Wamefukia mashimo, wakaondoka."

Mishi alikitazama chuma. Maneno alikuwa nayo ulimini, machache tu, lakini kila jicho lilikuwa likimngoja ayaseme ili lipate la kusimulia hadi Malindi. Shekha naye alikuwa ameshika kijiti cha kugeuzia, hageuzi. Vitumbua vikaanza kuungua. Mkono wa pili wa Shekha ulikuwa umeukamata mpini wa chuma, u moto vile vile, hauuachilii.

Mishi aliyameza maneno yake.

"Mungu atafungua kwingine," alisema Shekha upesi, akaanza kugeuza. Kisha, bila kumtazama: "Lakini, dada, mimi nahitaji mtu wa kunitwangia mchele na kunipepelea moto. Si kila siku. Ijumaa, na kukiwa na arusi. Nikikuhitaji nitamtuma mtoto akuite. Leo ni Ijumaa."

Bibi mmoja alisema, "Mashallah, Shekha ana moyo."

Mishi aliketi chini, nyuma ya jiko, upande ule ambao moshi huelekea. Akachukua upepeo. Makaa yakawaka, moshi ukapanda, kifua kikaukumbuka mara moja. Alijaribu kukizuia kikohozi kwa ncha ya buibui, kikamshinda.

"Geuka huko, dada," alisema Shekha. "Wateja wanaona."