Ncha Mbili za Mkanda

Ncha mbili zikikutana, mgonjwa anakufa. Hivyo ndivyo alivyoniambia jirani yetu, tunayemwita Mama Redio kwa kuwa betri zake haziishi, huku akianika shuka upande wake wa kamba.

"Mkanda wa jeshi huo, shoga yangu. Unaanzia mgongoni, unazunguka ubavu. Siku ukifunga duara, andaeni sanda."

Kisha akakumbuka kwamba udongo wa kaburi la mwanangu ulikuwa haujashuka, akajiziba mdomo na kibanio cha nguo mkononi.

Nilimwambia aache upuuzi, nikaingia ndani. Maneno yake yakaingia na mimi. Niliyakuta kwenye sufuria nilipofunua kifuniko, niliyakuta kwenye ndoo ya maji. Nikisikia mlango wa chumba cha binti yangu unafunguliwa, yanasimama mbele yangu kabla yake.

Kila asubuhi nilimwosha mgongo, maana mkono wa kushoto alikuwa hawezi kuuinua. Malengelenge yalianzia kando ya uti wa mgongo, yakapita chini ya bega na kuja mbele kwa mafungu mafungu, mekundu, yamejaa maji, kama mtu aliyemwagikiwa mafuta ya moto kwa kufuata mstari. Upande wa kulia ngozi ilikuwa safi kabisa. Hapo ndipo macho yangu yalipokaa. Nikachukua futi yake ya kushonea, nikaipitisha upande ule mzima, toka ncha ya mbele mpaka ncha ya nyuma, nione nafasi iliyobaki.

"Unanipimia gauni gani, mama?"

"La kutokea."

"Usisahau kuliachia nafasi ya kupumua."



Kaka yake tulimwita Cheche, kwa kazi yake ya kuchomelea vyuma. Alianguka kutoka kwenye paa la ghala alilokuwa akilichomelea, mchana kweupe. Watu walijaa nyumbani, na kila aliyemshika binti yangu mkono alimwambia neno moja: jikaze. Mimi mama yake ndiye niliyeanza. Naye akajikaza kweli. Hakulia kaburini, hakulia wageni walipoondoka. Walimsifu: una binti jasiri, wewe. Alirudi kwenye cherehani yake pale barazani, akashona sare za shule za watoto wa watu, mguu haupumziki. Chakula nilichompelekea nilikikuta kimekauka kando ya mkasi. Usingizi ulimpa mgongo. Ukimsemesha anaitika "naam" kwa adabu zote, lakini ni kama aliyeitika yuko nyumba ya pili.

Nyuma ya kiti chake, kwenye msumari, ilining'inia ovaroli ya buluu ya Cheche. Siku moja nilinyoosha mkono niitoe, nikidhani namsaidia.

"Iache hapo!"

Tangu azaliwe hajawahi kunipandishia sauti namna ile. Mkono wangu ukarudi wenyewe.

Ndipo ukaja ule moto wa ubavuni. Alisema ni kama pasi imemwegemea na hakuna wa kuiondoa. Nilidhani ni kuinama sana, nikamkanda. Yalipotoka malengelenge, Mama Redio akaleta kibakuli cha majivu yaliyokorogwa na mafuta ya taa. Alitaka kumchora mstari katikati ya mgongo, ati ncha isivuke.

"Mama," binti yangu alisema, "huyu akinigusa nahama."

"Haya, nirudi na bakuli langu," Mama Redio akasema. "Mimi wangu mdomo tu." Na mdomo ulifanya kazi yake. Mtaani pakawa na mnong'ono mwingine, ule wa kuuliza binti amekuwa akitembea na nani.

Asubuhi moja nikapima, nikaona nafasi imepungua. Sijui kama ilipungua kweli au ni mimi niliyeivuta futi. Nilichojua ni kwamba nilikuwa na watoto wawili, sasa ninaye mmoja, na huyo mmoja anafungwa mkanda mbele ya macho yangu. Futi ikanidondoka.

"Jifunike shuka. Twende."

Nesi wa kituo cha afya alikuwa mama mtu mzima, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Aliinamia ule mgongo bila kukunja uso.

"Zitakutana lini?" nilimwuliza.

"Nini?"

"Ncha."

Akanitazama, akaelewa. Bila shaka sikuwa wa kwanza. "Hazikutani, mama. Mkanda huu unafuata mshipa wa fahamu wa upande mmoja. Ukifika katikati, kwa kawaida unakomea hapo. Na hata ukivuka, si hukumu ya kifo." Kisha akamgeukia binti yangu. "Utotoni uliugua tetekuwanga?"

Nilijibu mimi. Kaka yake ndiye aliyeanza. Nikamlaza mdogo wake naye kitanda kimoja makusudi, waumwe pamoja, wamalize pamoja, kama walivyofanya akina mama wengi. Walikunana migongo kwa kitana, nikiwasikia toka jikoni. Cheche alikuwa na mkono wa fujo. Mdogo wake anapiga kelele, "Tulia, wewe!" kisha wote wanaangua kicheko.

"Basi ndio huohuo," nesi alisema. "Vipele vilipona, ugonjwa wenyewe ukabaki umelala mwilini. Kinga ikishuka, unaamka. Unaweza kuamshwa na umri, au na maradhi mengine, ndiyo maana tutapima na damu. Na mawazo mazito, mtu halali usingizi, hali chakula, nayo tunayashuku. Kuna jambo, dada?"

Binti yangu alikuwa akitazama sakafu.

"Kwa hiyo huu ni wa Cheche," akasema.

Lilikuwa jina ambalo hakulitamka tangu tumzike. Halafu yakaja mengine, polepole, kama uzi unaofumuka. Ovaroli ilichanika pindo. Cheche aliileta jioni, akaiweka mezani. Binti yangu akamwambia kesho, kama mafundi wanavyowaambia wateja wao wote. Cheche akamtania: "Fundi, hiyo kesho yako huwa inafika?" Asubuhi akapanda paani na suruali yake ya kawaida, ile pana ya kunasa kila mahali.

"Hakuna aliyeona kilichomwangusha," nilimwambia.

"Ndiyo, mama. Hakuna aliyeona."

Akalia. Nesi alifunga mlango, akanisogezea kiti nimkalie karibu.

Majibu ya damu yalirudi mazuri, na hata yangekuja mengine angebaki mwanangu. Vidonge alipewa, tukaambiwa tumechelewa kuja. Vinafaa zaidi vikiwahiwa. Malengelenge yalikauka. Maumivu hayakuondoka yote. Cherehani ikinyamaza ghafla, najua ameshika ubavu. Juzi nilipita nyuma yake nikamsikia akiuambia taratibu: "Tulia, wewe."

Macho yangu bado yanampima.

Wewe mama mwenzangu unayesoma, epuka haya:

Usingoje kuona kama ncha zitakutana. Malengelenge ya upande mmoja yakitokea, nenda kutibiwa siku hiyohiyo. Yakiwa karibu na jicho, kimbia.

Usipake majivu, mafuta ya taa, wala dawa ya meno.

Usiyatumbue.

Kabla hayajakauka, usimruhusu mgonjwa abebe kichanga au akae karibu na mjamzito.

Usimwulize ameupata kwa nani. Wangu aliupata kwa kaka yake.

Usimwambie aliyefiwa ajikaze.

Usiitoe msumarini nguo ya aliyeondoka. Yetu bado ipo. Pindo limeshashonwa.