Kache na Bwawa Lisilokauka

Asubuhi ya kwanza ya kusi, upepo wa miezi ya baridi, Kache alikunja leso mpaka magotini, akaingia katika bwawa la chumvi, na maji yakaanza kutoa mvuke. Wenzake walimpisha. Mmoja aliweka birika la chai karibu na kifundo cha mguu wake, maana huku kaskazini mwa Malindi chai hupoa upesi upepo ukitoka baharini.

Huo ulikuwa mwaka wa tatu. Kusi ikiingia, rovu lililokuwa shingoni mwa Kache, kubwa kama embe, lilipata moto na mwili mzima ukafuata. Kaskazi ikirudi na jua lake, Kache alipoa hadi akawa baridi kama mtungi wa maji. Miezi hiyo jirani yake, Bi Ummulkheir, alimletea maziwa yasichachuke na mjukuu mwenye vipele vya joto, akamwachia vyote viwili mapajani mpaka magharibi.

Meneja wa shamba la chumvi, Bwana Njenga, hakuwa mtu wa kupoteza kitu. Kusi ni msimu mbaya wa chumvi: mawingu, manyunyu, mabwawa hayakauki, na baada ya siku chache vibarua huambiwa wakae nyumbani mpaka jua lirudi. Kache hakuambiwa. Alihamishwa bwawa hadi bwawa, akisimama katikati mpaka chumvi imgande miguuni. Wakati wa kaskazi alipewa kiti ofisini, karibu na meza ya meneja, na feni ikazimwa.

Ila moyo ulimwenda mbio. Nguo zilimpwaya na usingizi ulimpaa. Binti yake Emily, aliyemaliza kidato cha nne na asiye na kazi, akamshika mkono wakaenda zahanati.

Daktari Mwambire alimwekea kipimajoto, kikapasuka. Akaleta kingine.

"Usiogope, mama. Tezi ya shingo ya kila mtu hubadilika na msimu," alisema, na ilionekana wazi kuwa kisa hiki kinamfurahisha kupita adabu. "Baridi ikija inaongeza kazi kidogo, joto likija inapumzika. Hata yangu. Yako imezidisha tu. Mnakula chumvi gani?"

Kache karibu acheke. "Chumvi yetu, daktari. Ya bwawani."

Kila Jumamosi vibarua walirudi nyumbani na furushi la chumvi ghafi, mabonge ya kijivu, na hakuna harusi wala uzazi uliokwenda bila mtu kuleta bonge moja la zawadi. Chumvi ya pakiti, kwao, ilikuwa ya watu wa bara, masikini, waliokosa bahari.

"Iodini hutiwa kwenye banda la kufungashia pakiti," alisema daktari, "chumvi ikishatoka mikononi mwenu. Shingo yako ina njaa ya iodini. Kula ya pakiti, rovu litanywea."

Waliinunua Malindi mjini. Kwenye pakiti palichorwa mwanamke aliyeinama bwawani, mwenye shingo laini. Emily alimtazama njia nzima.

Kusi ilipofika katikati, rovu lilikuwa limebaki kama limau. Kache alilala fofofo na mashavu yakajaa. Bwawani, maji yalikaa baridi kama maji mengine yoyote. Bwana Njenga alikuja, akachovya kidole.

"Mama, unaumwa?"

"Nimepona, bwana."

"Pole sana," alisema meneja, na alimaanisha. "Basi ukae nyumbani na wenzako mpaka jua lirudi."

"Na tutakula nini?"

Bwana Njenga alifikiri. Hakuwa katili. Aliagiza apewe furushi la chumvi.

Kache alilibeba mpaka nyumbani. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikupasha kitu. Jioni alipanga makopo mawili jikoni: la chumvi ya pakiti likawa la Emily, la chumvi ghafi likawa lake.

"Shingo yangu imeshazoea," alimwambia binti yake. "Yako sitaki iguswe. Unanisikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusi iliyofuata rovu lilikuwa limerudi, na Kache naye akarudi kazini. Bwana Njenga alimpa mkono uliofungwa kitambaa, asiungue. Moyo ulikwenda mbio tena, lakini Kache aliuvumilia, kwa kuwa kila alipomtazama Emily akiosha vyombo aliiona ile shingo iliyonyooka. Kilichomshangaza ni chumvi ghafi tu, ilivyoisha upesi. Alishuku panya.

Kisha Emily akaanza kujifunga mtandio shingoni, hata jikoni. Asubuhi moja Kache alimkuta anaoga uani, na ndoo inafuka mvuke. Meko yalikuwa baridi. Kache aliingia jikoni akafunua kopo la chumvi ya pakiti. Lilikuwa limejaa pomoni, juu pamegandamana, hakuna kijiko kilichowahi kupita.

"Emily!"

"Mabwawa ni mengi, mama," alijibu Emily kutoka uani. "Moyo wako hauwezi kuyamaliza peke yake."

Kache aliketi kizingitini akalia, akalia sana, mpaka Emily akamletea kikombe cha chai aliyoipasha kwa viganja. Waliinywa. Wakajifunga leso, wakatoka.

Bwana Njenga aliwaona kwa mbali, wawili, wanakuja na mvuke wao. Akamwita karani, akamwagiza atafute kiti cha pili cha ofisini, kiwe tayari kabla ya kaskazi.